Mabaki ya Kingamyambo: Somo la Jukwaani Lililoachwa Nje ya Darasa

Jungu kuu halikosi ukoko. Methali hii ingeweza kutungwa Kolwezi, mbele ya Kingamyambo. Kwa miongo mingi kiwanda cha kuchuja madini kilimwaga hapo tope lililobaki baada ya mawe kusagwa na shaba kutolewa. Kwa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, tope hilo lilikuwa taka. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, nayo iliendelea kumwaga. Ukoko huo ulipokuja kupimwa, pamoja na ule uliotiririkia bonde la mto Musonoi, ulizidi tani milioni 100, na ndani yake mlikuwa na shaba na kobalti ya kuwagombanisha matajiri wa dunia. Serikali ya Kongo iliinyang'anya kampuni ya First Quantum leseni ya mradi huo mwaka 2009. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka 2012 ukamalizwa kwa First Quantum kulipwa dola bilioni 1.25 na ENRC, kampuni iliyoingia mahali pake, kwa mali na madai yake ya Kongo. Leo tope la Kingamyambo linachujwa upya mchana na usiku.

Yapo mabaki mengine Katanga, eneo ilipo Kolwezi, ambayo hayakugombewa na mtu. Ni Kiswahili cha kambini, mizaha ya maboi waliofua nguo za Wazungu, na kumbukumbu za wachimbaji wa kwanza. Shule ya ukoloni iliyaacha nje, na shule iliyofuata haikuyaingiza. Walioyaokota ni waigizaji. Makala hii inafuata njia waliyopitia, kwa sababu mtoto anayesoma leo Dilala au Manika, mitaa ya Kolwezi, amezungukwa na urithi huo bila kuonyeshwa ulipo.

Kampuni iliyokuwa baba

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo iliwachukua vibarua kwa mikataba mifupi, wakafa wengi au wakatoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: mfanyakazi akaruhusiwa kukaa kambini na mke na watoto, akapewa nyumba, posho, hospitali na shule. Kampuni ikajifanya baba. Shule zake zilikuwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, na Kanisa la Katanga liliongozwa na Mbenediktini mmoja, Jean-Félix de Hemptinne, tangu 1910 hadi alipofariki 1958. Mvulana alifundishwa kusoma, kuhesabu, kusali na kushika chombo cha kazi. Mama yake alipelekwa kwenye nyumba ya kijamii, foyer social, akafundishwa kushona na kupika kama mke wa mfanyakazi wa kisasa anavyotakiwa.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 ndani ya mpango huo. Mji uligawanywa tangu siku ya kwanza: mtaa wa Wazungu, kambi za wafanyakazi, na vitongoji vya wasio na kazi kwenye kampuni. Wafanyakazi walitoka Lomami, Maniema, Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, kila kundi na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichochaguliwa kuwafanya waelewane na msimamizi. Kilikuwa kimefika Katanga zamani pamoja na misafara kutoka pwani, lakini kampuni ilikitaka kiwe lugha ya amri: leta, beba, chimba, nyamaza. Kifaransa kilibaki ngazi ya wachache walioruhusiwa kupanda juu.

Jukwaa nalo lilikuwa na mipaka yake. Katikati ya miaka ya 1950 lilijengwa jumba kubwa la tamthilia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya burudani za Wazungu. Wakati huohuo watu weusi walipangiwa jukwaa la kuwaonyesha wao wenyewe. Mwaka 1956, Union Minière ilipotimiza miaka 50, yaliandaliwa maonyesho makubwa ya ngoma yaliyoitwa Changwe Yetu. Ngoma za makabila mbalimbali zilitolewa vijijini, zikakatwa na kupangwa kwa dakika, zikapewa taa na mapazia. Mwaka 1958 maonyesho hayo yakapelekwa Brussels kwenye Maonyesho ya Dunia. Huko wachezaji walishangiliwa. Katika Maonyesho hayohayo ya Dunia palijengwa kijiji cha Wakongo, na baadhi ya watazamaji wakawarushia ndizi watu waliowekwa ndani yake, kana kwamba wako bustani ya wanyama. Wakongo wale waliondoka kabla maonyesho hayajafungwa.

Hilo ndilo somo la kwanza la jukwaa la Katanga. Utamaduni uliruhusiwa kuonekana, mradi mwenye utamaduni asishike usukani.

Mtu mmoja aliyesimama kwenye mpaka huo ni Joseph Kiwele. Alikuwa mwalimu na mtunzi wa muziki aliyelelewa na wamisionari, akaingiza milio ya kwao katika nyimbo za misa. Katanga ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, Kiwele ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa hilo jipya, na ndiye aliyepewa wizara ya elimu. Alifariki mwaka 1961, kabla nchi hiyo ya muda haijaanguka. Lile jumba la tamthilia la Wazungu likawa bunge la Moïse Tshombe, na mpaka leo wanasiasa ndio wanaoketi humo. Mjini Lubumbashi hutajwa kwa jina la Jengo la 30 Juni.

Mufwankolo na lugha iliyogeuka mikononi

Kiswahili cha amri hakikukaa amri kwa muda mrefu. Watoto waliozaliwa kambini walikifanya lugha ya mama. Wakakipinda, wakakichanganya na Kiluba, Kibemba na Kifaransa, wakasema "bana" badala ya wana na "anasemaka" badala ya husema. Mwalimu wa sarufi angekiita kibovu. Katika miaka ya 1950 vijana wa Élisabethville wakaanza kucheza michezo ya kuigiza katika lugha hiyo. Kiongozi wao, Odilon Kyembe Kaswili, akajulikana kwa jina la jukwaani, Mufwankolo, na kundi likabeba jina hilo. Redio ikawaingiza majumbani, na baadaye televisheni. Kwa zaidi ya kizazi kimoja, kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, watu waliwacheka Mufwankolo na wenzake kama wanavyowacheka majirani zao.

Walivyotunga ndiyo elimu yenyewe. Hawakuandika mchezo. Mmoja alileta wazo, wengine wakalijadili, wakaligawa katika sehemu, wakagawana nafasi. Kisha kila mmoja akaingia na maneno yake, na wenzake wakamsahihisha: hapa mzee hasemi hivyo, hapa mke angejibu. Mchezo ulikamilika pale kundi zima liliposadiki kwamba ndivyo watu wanavyoishi. Mtoto aliyezoea darasa la kukariri na kurudia nyuma ya mwalimu hajawahi kuona kazi ya namna hiyo, ambapo jibu hutafutwa na wote kwa mdomo.

Mwaka 1986 mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliwauliza maana ya msemo aliousikia kwa Kifaransa, kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa maelezo. Walilichukua swali lenyewe wakalifanya mchezo juu ya mtawala wa kijiji na watu wake, wakafanya mazoezi mbele yake, kisha wakaucheza kijijini Kawama, nje ya Lubumbashi, mbele ya kamera za televisheni. Ilikuwa Zaire ya Mobutu, na hakuna aliyehitaji kutajiwa jina la rais. Mtawala wa kijiji alitosha. Watazamaji walijua kuku mzima anaingia tumbo la nani, na nani anaachiwa mifupa.

Fabian aliuandika mchezo huo neno kwa neno, kwa Kiswahili cha Katanga, na kuuchapisha mwaka 1990 katika kitabu kilichotoka Marekani. Ndivyo Kiswahili kilichoitwa kibovu kilivyoingia maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo kabla ya kuingia darasa la Kolwezi.

Historia iliyoandikwa na maboi

Jukwaa halikuwa peke yake. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Élisabethville kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kazi ya André Yav, chenye historia ya mji wao kwa Kiswahili. Ni historia inayotazamwa kutoka jikoni: Mzungu alifikaje, aliwaita watu majina gani, aliwalisha nini, nani alitoweka usiku. Kinatembea kama mtu anayesimulia jioni, kinarudi nyuma, kinaapa, kinahoji. Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian historia nzima ya nchi katika picha 101, akimweleza kila picha kwa Kiswahili.

Katika picha hizo limo tukio ambalo vitabu vya kampuni havikupenda kulitaja. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika uwanja wa mpira Élisabethville, na askari wakawamiminia risasi. Makumi walikufa. Shaba ya Katanga wakati huo ilikuwa ikiwapigania Washirika vitani, na mtoto wa shule aliambiwa kwamba Kongo inasaidia kuokoa uhuru wa dunia. Baba yake aliyekuwa uwanjani alijua upande mwingine wa hesabu hiyo. Alimweleza nyumbani, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo Katanga ilikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa na ubao, cheti na Kifaransa. Nyingine ilikuwa na redio, picha ukutani, kijitabu cha taipu na mchezo wa kuigiza. Ya kwanza ilimfundisha mtoto namna ya kupata kazi kwa baba mkubwa, kampuni. Ya pili ilimfundisha kumwelewa baba huyo.

Siku ya 20 Desemba

Watu wa mkoa wa Lualaba, ilipo Kolwezi leo, wana jukwaa jingine, la zamani kuliko yote, ambalo halina pazia wala tiketi. Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, ndiko kulikokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Wayeke. Watu wake walitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II, uligombana na Msiri aliyekataa kukabidhi nchi. Ofisa mmoja wa Kibelgiji, Omer Bodson, alimpiga risasi Msiri, naye akauawa na watu wa mfalme. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo kilipo ni swali lisilofungwa.

Kila mwaka tarehe hiyo Wayeke hukumbuka Bunkeya kwa ngoma, mavazi ya ufalme na masimulizi. Mgeni anaweza kuiita sherehe ya kienyeji akapiga picha akaondoka. Lakini ukitazama vizuri, hiyo ni tamthilia ya kihistoria yenye mahali, tarehe, wahusika na watazamaji wanaojua mstari unaofuata. Ukoloni wa Katanga ulianza kwa risasi hiyo. Mwalimu wa historia wa Kolwezi ana jukwaa hilo ndani ya mkoa wake mwenyewe.

Bana Shaba na tamthilia ya bahasha

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapohapo Kolwezi, ulianguka. Kufikia 1994 uzalishaji wa kampuni nzima ulishuka hadi tani zipatazo 30,000. Posho ikakatika, hospitali zikakosa dawa, shule za kampuni zikaanza kuwategemea wazazi wasiolipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu chenye jina linalosema yote: Bana Shaba, watoto wa shaba, waliotelekezwa na baba yao. Yeye na Bogumil Jewsiewicki ndio waliokuwa mbele tangu mwaka 2000 katika mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, uliowaita wakazi walete vyombo, picha na masimulizi yao makumbushoni.

Baba alipoondoka, mashirika yasiyo ya kiserikali yakaingia, na jukwaa likapata mlipaji mpya. Vikundi vya maigizo vikaajiriwa kufundisha kinga ya ukimwi, kupiga kura, kupeleka watoto shule badala ya mgodini. Mtafiti Maëline Le Lay, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu tamthilia, lugha na ufundishaji Katanga, ameonyesha jinsi tabia ya kutoa somo ilivyotawala jukwaa la huku, kuanzia michezo ya Kiswahili ya mitaani hadi tamthilia za Kifaransa za wasomi.

Hapa ndipo penye kuumiza kichwa. Kufundisha si kosa. Mufwankolo naye alifundisha: ulevi, wivu, tamaa, ndoa mbovu, yote yalikuwa na funzo. Tofauti iko kwenye asili ya swali. Katika mchezo wa Kawama swali lilitafunwa na waigizaji wenyewe mpaka likawa lao. Katika mchezo wa bahasha, ule unaolipiwa na shirika, jibu limeandikwa ofisini, mwigizaji analitia vichekesho tu na kulifikisha. Foyer social iliwafundisha akina mama namna ya kuwa wake wa kisasa. Bango la leo linamwambia mchimbaji namna ya kuwa mzazi mwema. Anayesikiliza ni yuleyule, na hajaulizwa bado.

Tangu 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, watu wa Kolwezi wamechimba vyumbani mwao na kushuka mashimo uani. Wanaitwa creuseurs, wachimbaji wa mikono. Mchezo wa kumwambia creuseur kwamba shimo ni hatari hauna jipya kwake. Mchezo wa kuuliza nani anakula kuku mzima ungemkalisha mpaka mwisho.

Kilio kinachoimbwa Geneva

Tarehe 20 Februari 2019 lori lililobeba tindikali ya kusafishia madini lilipinduka Kabwe, katika barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi, likagongana na basi. Watu wapatao 20 walikufa, wengine wakaunguzwa vibaya na tindikali. Januari 2024 msiba huo ulipanda jukwaani kama opera, Justice, yaani Haki, katika jumba kuu la tamthilia la Geneva. Muziki ni wa Hèctor Parra, uongozi wa Milo Rau, maneno ya Fiston Mwanza Mujila, mwandishi mzaliwa wa Lubumbashi, na miongoni mwa waimbaji yumo Serge Kakudji wa Kongo. Kabla yake, mwaka 2019, mcheza dansi Dorine Mokha wa Lubumbashi na Elia Rediger walikuwa wametunga Hercule de Lubumbashi, kazi ya muziki juu ya migodi na makampuni, iliyochukua umbo la muziki wa kale wa Ulaya na kulijaza hadithi za Katanga.

Kazi hizi zinastahili heshima. Uswisi ndiko yaliko makao ya makampuni makubwa yanayouza madini ya Kongo, na ni haki watu wa huko wakae kitini kwa saa mbili wakiutazama uso wa aliyeunguzwa. Lakini mtoto wa Fungurume, anayepishana na malori hayo kila asubuhi akienda shule, ataigiza wapi habari ya Kabwe? Mwaka 1958 ngoma za Katanga zilisafirishwa kwenda kushangiliwa Ulaya. Safari hii waandishi ni wetu na lawama imeelekezwa panapohusika, na hayo ni mabadiliko makubwa. Kilichobaki palepale ni safari: mawe yanaondoka, na hadithi ya mawe inaondoka nayo.

Majirani zetu wana la kutufundisha. Tanzania ilimpa mwanafunzi wake Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, na vita ya Majimaji ikaingia darasani kwa umbo la mchezo, kwa Kiswahili. Kenya ilionyesha bei ya jambo hilo: mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ walicheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikikuyu, serikali ikaupiga marufuku, ikamfunga Ngũgĩ wa Thiong'o bila kesi, na 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Serikali haibomoi ukumbi usio na maana.

Kongo haina kisingizio cha sheria. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia na zifundishwe zenyewe. Maandishi nayo yapo. Mchezo wa madaraka wa kundi la Mufwankolo na historia ya André Yav, vyote kwa Kiswahili cha Katanga, vinasomeka bure kwenye intaneti, katika hazina ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian. Hakuna leseni ya kununua wala kesi ya kumaliza.

Wito wangu kwa walimu wa Lualaba na kwa wizara ya elimu ya mkoa ni mdogo, na hauhitaji mfadhili. Chapeni kurasa chache za Yav, wanafunzi wazisome kwa sauti katika lugha wanayoisemaka nyumbani. Kisha watumwe kwa babu na bibi waliokaa kambi za Musonoi, waulize, waandike, waigize bila kukariri, kama Mufwankolo alivyofanya. Muhula wa kwanza hufungwa Desemba. Kabla ya kufunga, shule moja iwapeleke watoto wake Bunkeya tarehe 20, wakae mbele, watazame, na wakirudi Kolwezi wauchezee mji wao walichokiona.